Kumhifadhi Mkimbizi na Kumficha Mwuaji

Iko desturi katika miji yetu ya pwani ambayo wazee wetu waliiona ni fakhari, nayo ni kumpokea mgeni bila ya kumhoji. Mtu akija na mzigo wake akabisha hodi, hupewa maji, kisha chakula, kisha mahali pa kulala. Na khabari zake huulizwa baadaye, tena huulizwa kwa adabu. Desturi hii ni njema, wala makala haya hayakuandikwa kuivunja. Lakini ndani yake liko suala moja ambalo barazani hujibiwa kwa haraka mno. Mgeni huyo akiwa amekimbia kwao si kwa kudhulumiwa bali kwa kudhulumu, na akawa anatuhumiwa damu ya watu wasio na hatia waliouawa katika vita, kisha mahkama ya mataifa ikamtaka, je, yatupasa kumtoa au kumsitiri? Wengi husema: "Mgeni wetu hatumtoi." Na wengine huzidi wakasema: "Khasa akiwa Muislamu mwenzetu, na wanaomtaka si Waislamu." Maneno haya mawili nataka tuyatie katika mizani, ndugu msomaji, kwa utulivu na bila ya hamaki.

Suala hili si la kubuni, kwani limepata kuingia katika mji wetu wenyewe. Mwezi wa Julai 1997 polisi wa Kenya, wakishirikiana na wapelelezi wa Mahkama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, waliwakamata watu kadhaa walioshukiwa kuyapanga na kuyaendesha mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Wengi wao walikamatwa Nairobi, na mkubwa wao alikuwa Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu katika siku za mauaji yale. Lakini wawili walikamatwa Mombasa. Wa kwanza, tarehe 18, ni Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura, naye ni Muislamu. Wa pili, tarehe 23, ni Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyekuwa mtangazaji wa redio ya RTLM. Naye baada ya kuikimbia Rwanda alisilimu, akajiita Omar, akaishi pamoja na Waislamu. Basi mmoja wa kalamu na mmoja wa redio walikutwa katika mji wenye misikiti mingi na wenyeji wasiouliza mengi.

Yapasa kwanza tujue walishitakiwa kwa lipi. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyomchukua Rais Habyarimana, akirejea kutoka Dar es Salaam, ilitunguliwa juu ya Kigali. Tangu siku ya pili yake mpaka katikati ya Julai, kwa muda wa siku mia hivi, Watutsi waliuawa nchi nzima, pamoja na Wahutu walioikataa shari ile. Umoja wa Mataifa hukadiria waliouawa kuwa 800,000. Serikali ya Rwanda husema ni zaidi ya milioni 1. Ni kweli kwamba palikuwa na vita baina ya jeshi la serikali na lile la RPF tangu mwaka 1990. Lakini hawa waliouawa hawakuwa askari waliokutana uwanjani. Walikuwa vikongwe, wanawake, wanafunzi na watoto wa kunyonya, waliokatwa kwa mapanga majumbani mwao, katika vizuizi vya barabarani, na katika makanisa waliyoyakimbilia. Gazeti la Kangura, tangu Desemba 1990, lilikuwa limechapa amri kumi za kuwafunza Wahutu kwamba kuoa Mtutsi au kushirikiana naye katika biashara ni khiana, na kwamba haifai tena kumhurumia. Nayo redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, na siku za mauaji ikawa ikiwataja watu kwa majina na mahali walipo, ili wapate kufuatwa.

Sasa tuulize: hifadhi ni haki ya nani? Jawabu yake tutaipata kwa kuwatazama Waislamu wa huko huko Rwanda. Wao ni wachache, na kwa muda mrefu wenzao waliwaita Waswahili, kwa kuwa dini iliwafikia kwa njia ya wafanyabiashara waliotoka pwani na lugha yao. Mitaa yao mashuhuri katika Kigali ni Biryogo na Nyamirambo. Mwaka 1994 wengi katika wao walikataa kuua, wakawaficha Watutsi majumbani na misikitini, Waislamu na Wakristo bila ya kubagua, na wako waliopotewa na roho zao kwa sababu hiyo. Hatusemi kuwa Waislamu wote walikuwa hivyo. Ngeze mwenyewe ni dalili ya kuwa sivyo. Lakini jambo lile lilikuwa kubwa, na mpaka leo hutajwa kwa heshima.

Basi tazama, ewe msomaji. Mtu wa Biryogo alimfungia mlango Mtutsi ili asionekane na mwuaji. Miaka mitatu baadaye, mtu wa mji mwengine anamfungia mlango mtuhumiwa wa mauaji ili asionekane na kadhi. Vitendo hivi viwili kwa macho ni kimoja: mlango umefungwa, na ndani yumo mtu mwenye khofu. Lakini wa kwanza amefunga mlango baina ya mdhulumiwa na dhulma, na wa pili amefunga mlango baina ya dhulma na hukumu. Kuviita vyote viwili kwa jina moja la ukarimu ni kumkosea heshima yule wa kwanza, aliyehatarisha watoto wake kwa ajili ya jirani. Na sheria za mataifa zimelijua jambo hili zamani. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, ambao ndio unaompa mkimbizi haki zake duniani, umemtoa katika himaya yake yule ambaye ziko sababu nzito za kudhani kwamba ametenda uhalifu wa vita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mkimbizi ni mtu, na mtoro ni mtu mwengine, ijapokuwa wamevuka mpaka kwa njia moja.

Ama ile hoja ya pili, ya kuwa ni Muislamu mwenzetu, hiyo imekwisha jibiwa kabla yetu, na iliyoijibu ni Qur'ani yenyewe. Wafasiri wa Suratun-Nisaa wanasimulia, kwa riwaya iliyo mashuhuri, kwamba mtu mmoja wa ukoo wa Banu Ubayriq, katika Madina, aliiba deraya ya jirani yake. Alipoona atafichuka, akamtupia tuhuma Yahudi mmoja, na deraya ikakutwa kwa Yahudi huyo. Jamaa zake wakamwendea Mtume (S.A.W.) kumtetea mtu wao, nao wakitaraji kwamba maneno yao wao, walio watu wa mji na wa dini, yatashinda maneno ya yule asiyekuwa wao. Ndipo ziliposhuka aya, kuanzia ile ya 105, za kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wakhaini, na za kumtakasa Yahudi na uwongo aliozuliwa. Mambo yaliyokuwako ni deraya moja tu na unga kidogo. Ikiwa katika jambo dogo kama hilo udugu wa dini haukuruhusiwa kumfunika mwizi, vipi utaruhusiwa kumfunika anayeshitakiwa kwa roho za watu laki na malaki?

Na wala tusidhani kuwa mtihani huu umetupata sisi peke yetu. Mwezi wa Juni 2001 mahkama ya Brussels iliwahukumu Wanyarwanda wanne kwa mauaji yale ya 1994, na wawili katika wao walikuwa watawa wa Kikatoliki waliokuwa wamekimbilia Ubelgiji. Nchi ile ina Wakatoliki wengi, na kuwafunika ingekuwa rahisi. Juu ya hayo walisimamishwa mbele ya wazee wa baraza, wakasikilizwa, wakafungwa. Likiwa hilo limewezekana kwa watawa wao, kwetu sisi lisiwezekane kwa nini?

Huenda mtu akasema: "Haya, akosaye ahukumiwe, lakini ahukumiwe kwao alikokosa, sisi wa mbali hayatuhusu." Maneno haya yana sura ya haki, lakini yamesahau jinsi uhalifu wa namna hii ulivyo. Mwizi wa kuku hukimbilia mtaa wa pili. Ama waziri, jemadari na tajiri aliyenunua silaha hukimbilia nchi ya pili na ya tatu, kwani ana fedha, ana paspoti, na ana marafiki. Baada ya Julai 1994 waliotuhumiwa walitawanyika Zaire, Kenya, Zambia, Kamerun, Ufaransa, Ubelgiji na kwengineko. Rwanda ilibaki na makaburi, na wenye kutuhumiwa wakabaki na dunia nzima. Kadhi wa Kigali angetoa hukumu gani juu ya watu wasiokuwapo?

Kwa hivyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio nambari 955 la tarehe 8 Novemba 1994, liliunda mahkama, na mwaka uliofuata pakachaguliwa Arusha kuwa makao yake. Mahkama hii ilikuwa na mahakimu na vitabu, lakini haikuwa na polisi hata mmoja wa kwenda kumshika mtu, wala haikuwa na gereza lake la kumfunga aliyehukumiwa. Kila ilichofanya ilikifanya kwa mikono ya wengine. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa tarafa ya Taba, alikamatwa Zambia mwaka 1995, na Zambia ikamtoa. Tanzania ilitoa mahali. Wanawake wa Taba walitoka kwao wakaenda Arusha kueleza waliyotendewa, na majina yao yakafichwa ili wasidhuriwe. Na ilikuwa baada ya ushahidi wao ndipo mashitaka yalipoongezwa mwaka 1997 yakaingia na makosa ya kunajisiwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akahukumiwa, naye akawa mtu wa kwanza duniani kupatikana na hatia ya mauaji ya kimbari katika mahkama ya kimataifa; na kwa mara ya kwanza ikaamuliwa kwamba kunajisi wanawake kwaweza kuwa sehemu ya mauaji hayo. Siku mbili baadaye Kambanda, aliyekuwa amekiri makosa, akafungwa maisha. Wafungwa wengi wakapokewa na Mali na Benin. Hesabu basi mikono mingapi imepita hapo: mmoja ameshika, wa pili ameweka mahali, wa tatu ameshuhudia, wa nne amehukumu, wa tano amefunga. Mkono mmoja ukijivuta, kamba yote hulegea.

Na watu wetu wawili wa Mombasa? Ruggiu alikiri kosa la kuchochea, akahukumiwa miaka 12 mwezi wa Juni 2000. Ngeze alihukumiwa maisha Desemba 2003, kisha katika rufaa ya Novemba 2007 baadhi ya makosa yakaondolewa na kifungo kikawa miaka 35. Mahakimu hawakuacha kutaja kwamba Ngeze aliwaokoa baadhi ya Watutsi kwa kuwavusha mpaka. Walilipima jambo hilo, kisha wakaona kuwa shari aliyoitenda ilikuwa kubwa kuliko kheri hiyo. Hivi ndivyo ilivyo faida ya mahkama: mema ya mtu na mabaya yake huwekwa mezani pamoja, ilhali barazani huchaguliwa moja kwa mujibu wa mapenzi ya msemaji.

Wako wenye kuona uzito kushirikiana na wasiokuwa wa dini yetu katika mambo ya hukumu. Hao nawakumbusha Hilful-Fudhul. Kabla ya Utume, mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alidhulumiwa mali yake Makka na mkubwa mmoja wa mji, naye hakuwa na jamaa wa kumsaidia. Watu wa koo mbalimbali wakakutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kusimama pamoja na mdhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka haki yake irudi. Mtume (S.A.W.) alihudhuria mapatano hayo akiwa kijana, na baada ya kupewa Utume alieleza kwamba lau angeitwa tena katika jambo kama lile angeitika. Waliokula kiapo kile walikuwa washirikina. Lakini jambo waliloliapia lilikuwa haki, na haki haigeuki kuwa batili kwa sababu ya aliyeisema.

Sasa natuzisikilize hoja za wanaopinga, kwani ziko zenye nguvu, na si uadilifu kuzifumbia macho.

Ya kwanza wasema: hii ni hukumu ya mshindi. Na kwa kweli Arusha haikumhukumu hata mtu mmoja wa upande wa RPF, ijapokuwa yalikuwako madai ya mauaji yaliyofanywa na askari wake. Tena mwaka 1999, mahkama ya rufaa ilipoamuru mshitakiwa mmoja, Jean-Bosco Barayagwiza, aachiliwe kwa kuwa haki zake zilivunjwa alipokuwa kizuizini, serikali ya Rwanda ilisitisha ushirikiano wake, na mwezi wa Machi 2000 amri ile ikageuzwa. Haya ni madoa, na doa halifichiki kwa kulikalia. Lakini mwenye akili akikuta nguo ina doa huifua, haendi uchi. Kwamba wako waliostahili kuulizwa wasiulizwe hakumfanyi aliyeulizwa akapatikana na hatia kuwa ameonewa. Maiti wa Taba hana hatia ya makosa ya jeshi lolote.

Ya pili wasema, na hii ndiyo yenye kuwaka katika nyoyo: sheria hii ni ya wanyonge, wakubwa hawashikwi. Na hutolewa mfano ulio wazi. Mwezi wa Novemba 2024 Mahkama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague, ilitoa hati ya kumkamata Benjamin Netanyahu kwa mambo ya Ghaza. Mwezi wa Aprili 2025 akapokewa Budapest kwa heshima, na Hungaria, iliyokuwa mwanachama wa mahkama hiyo, haikumgusa. Tuliposikia tuliudhika, na tulikuwa na haki ya kuudhika. Lakini hebu turudi nyuma. Tarehe 27 Agosti 2010, siku Kenya ilipoizindua katiba yake mpya, alikaribishwa Nairobi Rais Omar al-Bashir wa Sudan, ilhali mahkama ile ile ilikuwa imetoa hati mbili za kumkamata kwa mambo ya Darfur, na Kenya ilikuwa mwanachama wake tangu mwaka 2005. Watu wa Darfur ni Waislamu, na nchi yao ni mashuhuri kwa kuhifadhi Qur'ani. Siku ile wangapi katika sisi waliudhika? Na wangapi walisema kuwa ni mgeni wetu, na wazungu wasituingilie?

Hapa ndipo penye mtihani wa ukweli wetu. Kitendo cha Budapest na kitendo cha Nairobi ni kitendo kimoja. Asiyeichukia Nairobi hana ulimi wa kuilaumu Budapest, kwani huyo hataki haki, ataka upande. Katika Suratul-Maida tumekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki tulizonazo juu ya watu; na katika Suratun-Nisaa tumeamrishwa kushuhudia kwa haki japo ni juu ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Aya ya kwanza twaipenda kuwasomea wengine. Ya pili ndiyo tunayopaswa kujisomea wenyewe. Na inafaa ijulikane kuwa wako Wakenya walioliona hilo. Shirika la wanasheria lilikwenda mahkamani, na Novemba 2011 Mahkama Kuu ya Nairobi ikaamua kwamba al-Bashir akikanyaga tena nchi hii akamatwe. Ama Darfur yenyewe, ilingoja sana. Kiongozi mmoja wa wapiganaji wa Janjawidi, ajulikanaye kwa jina la Ali Kushayb, alijisalimisha katika Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2020, na mwezi wa Oktoba 2025 akapatikana na hatia huko The Hague. Baina ya makosa na hukumu ilipita miaka zaidi ya 20, lakini hukumu ilifika.

Udhaifu wa sheria kwa wakubwa, basi, ni hoja ya kuinyosha sheria iwafikie, si hoja ya kuwaachilia wadogo. Mji ambao polisi wake huwaogopa matajiri hauponi kwa kufungua magereza.

Ya tatu wasema: yamepita, na suluhu ni bora. Suluhu ni bora, naam. Rwanda yenyewe iliitafuta kwa mabaraza ya gacaca, ambamo wanakijiji walikaa majanini wakahukumiana. Na mpaka yalipofungwa mwaka 2012 yalikuwa yamesikiliza kesi zinazokaribia milioni 2. Wengi waliokiri walipunguziwa adhabu. Lakini angalia utaratibu wake: kwanza mtu alisimama, akasema alilolitenda na mahali alipomzika maiti, kisha ndipo msamaha ukatajwa. Msamaha ni mali ya mdhulumiwa. Jirani hana uwezo wa kuutoa kwa niaba yake, na aliyejificha Mombasa au Paris hakuuomba. Mwenye kovu usidhani kapowa.

Pamoja na haya, kumtoa mtu kuna masharti yake, na asiyeyataja amesema nusu ya haki. Hatumtoi mtu kwa uvumi, wala kwa kabila lake, wala kwa serikali inayomtaka ili imuue bila ya kumsikiliza. Tunamtoa kwa mahkama itakayomweleza shitaka lake, impe mtetezi, imsikilize yeye na mashahidi wake. Rwanda iliifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, na hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowezesha watuhumiwa kupelekwa huko baadaye kutoka Arusha na nchi nyengine. Na dalili ya kuwa Arusha haikuwa machinjioni ni kwamba katika watu 93 walioshitakiwa, 14 waliachiliwa huru.

Lakini hawa 14 wametufunulia aibu nyengine. Dola zilizokuwa na bidii ya kuwakamata hazikuwa na bidii ya kuwapokea. Baadhi yao walikaa Arusha miaka na miaka, watu huru wasiokuwa na pa kwenda. Desemba 2021 wanane, miongoni mwao walioachiliwa huru na waliomaliza vifungo vyao, walipelekwa Niger kwa mapatano. Na kabla ya mwezi huo kwisha Niger ikawapa amri ya kuondoka. Hapa sasa ndipo ukarimu unapotakiwa! Aliyehukumiwa akatakasika ndiye mgeni wa haki, naye hakupata mlango. Ushirikiano wa mataifa unaokamata na usiopokea umesimama kwa mguu mmoja.

Na ziko hasara za kuchelewa. Félicien Kabuga, tajiri aliyeshitakiwa kwa kuyagharamia mauaji na kuisimamisha redio ya RTLM, alitafutwa miaka zaidi ya 20. Jina la Kenya lilitajwa sana katika khabari zake, na mwendesha mashitaka wa Arusha alipata kulalamika mbele ya Baraza la Usalama kwamba serikali yetu haikutoa msaada uliotakiwa. Alikamatwa karibu na Paris mwezi wa Mei 2020, mzee sana. Kesi yake ilianza The Hague mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikasimamishwa bila ya hukumu, kwa kuwa akili na mwili wake havikuweza tena kuhimili. Basi waliopotewa na watu wao hawakupata jawabu. Na yeye mwenyewe, kama alikuwa na la kujitetea, hakulimaliza. Waliomficha hawakumfanyia wema hata yeye.

Mwezi wa Mei 2024 ilitangazwa kwamba wawili wa mwisho waliokuwa wakitafutwa wamethibitika kufa, na kwa hivyo kati ya wale 93 hapana tena hata mmoja asiyejulikana alipo. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 30 na serikali nyingi. Bado wako mamia wanaotafutwa na Rwanda yenyewe, na kila mwaka vita vyengine, Sudan na Kongo na kwengineko, vinazaa watoro wapya. Bahari yetu na barabara zetu zitawaleta baadhi yao, nao watakuja kwa majina mazuri, na pengine kwa tasbihi mkononi.

Yatupasa nini basi? Tumpokee kila aliyekimbia, tumpe maji na chakula kama walivyofanya wazee wetu. Asiwepo wa kumtesa, wala wa kumnyoshea kidole kwa sababu ya kabila lake au nchi aliyotoka. Lakini ikija dalili ya haki kwamba mgeni huyu ametuhumiwa damu, tusimpe jina jipya, tusimtafutie karatasi za uwongo, tusimvushe usiku. Mwenye kujua alilolijua alisema mbele ya wenye mamlaka, na mwenye kuitwa kushuhudia aende. Na maimamu wetu wawaeleze watu kwamba kumnusuru ndugu aliyedhulumu, kama alivyobainisha Mtume (S.A.W.), ni kumzuia na dhulma yake.

Yule Mtutsi aliyefichwa Biryogo, akatoka salama, ana ndugu ambao hawakufichwa na mtu. Siku mwenye kutuhumiwa kuwaua atakapobisha kwetu, na wao pia watakuwa wamesimama mlangoni, ingawa hatuwaoni. Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuwaona, na atujaalie kuwa wenye kusimamia uadilifu. Amin.